Chensoo haiwaki, mnunuzi wa mbao analipa

KILA mbao zinapoadimika katika maghala ya Buguruni na Keko jijini Dar es Salaam, wanunuzi hupewa sababu zile zile. Dizeli imepanda bei. Barabara ya shambani imeharibiwa na mvua. Ushuru umeongezwa, au malori yamekwama mizani. Sababu hizo zina ukweli kwa nyakati zake. Lakini ipo moja ambayo mnunuzi hatajiwi, pengine kwa kuwa inatia aibu kidogo: mashine ya kukatia miti haikuwaka asubuhi.

Msumeno wa mnyororo, au chensoo kama unavyojulikana kwa watu wa kazi hiyo, ndio mwanzo wa biashara ya mbao za Nyanda za Juu Kusini. Iwe ni katika shamba la miti la serikali la Sao Hill wilayani Mufindi, au katika ekari tatu za misindano za mkulima wa Njombe, mashine hiyo ndiyo inayotangulia. Mashine ya kupasulia, ile ambayo watu wa Mafinga wanaiita dingidongi, hukaa ikisubiri gogo. Lori husubiri ubao, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi husubiri lori. Wote hao, bila kujua, wanamsubiri kijana mmoja aliyeinama juu ya chensoo akivuta kamba kwa mara ya arobaini, jasho linamtoka huku umande wa Mufindi ungali kwenye majani.

Hasara yake inahesabika. Chukulia kundi la watu 6: opareta, msaidizi wake na vibarua 4 wa kubeba. Mashine ikichelewa kuwaka kwa saa 2 kila asubuhi, katika siku 6 za kazi zimekwenda saa 12. Kwa anayefanya kazi saa 8 kwa siku, hiyo ni siku moja na nusu kila wiki. Zidisha kwa watu 6 na zinapatikana saa 72 za watu waliokalia magogo wakipiga soga. Kibali cha kuvuna nacho kina tarehe yake ya mwisho, na tarehe hiyo haisogezwi mbele kwa sababu ya plagi.

Sehemu kubwa ya usumbufu huu haitokani na ubovu wa mashine. Inatokana na mafuta mabaya, uchafu na haraka. Nyuma ya hayo matatu kuna tatizo la kibiashara ambalo ndilo hasa linalofaa kuzungumzwa na watu wa soko, nalo ni kwamba chensoo nyingi hazina mwenyewe.

Mashine ya watu watatu

Utaratibu uliozoeleka ni huu. Chensoo ni mali ya tajiri ambaye mara nyingi anaishi mjini na anafika shambani kwa nadra. Opareta analipwa kwa mti au kwa idadi ya mbao, hivyo kila dakika anayotumia kusafisha chujio ni dakika anayojikata mwenyewe. Mafuta yananunuliwa na msimamizi, ambaye amepewa fedha taslimu na anatakiwa kurudisha chenji. Anayepunguza oili kwenye petroli ili abakize kidogo siye atakayevuta kamba asubuhi. Anayevuta kamba siye atakayenunua silinda mpya. Na yule atakayenunua silinda hajui kilichomo ndani ya dumu.

Kila mmoja wa hao watatu anafanya akiba yake vizuri kabisa. Jumla ya akiba zao ni mashine inayokataa kuwaka.

Ili kuona jinsi fedha inavyopotea, ni lazima kufahamu jambo moja kuhusu injini hizi. Injini ya chensoo ni ya mipigo miwili. Haina sehemu yake ya kuwekea oili kama injini ya gari. Oili inayolainisha pistoni, silinda na beringi huja ndani ya petroli yenyewe. (Ile oili ya kulainisha mnyororo ina tangi lake pembeni na haihusiani na habari hii.) Watengenezaji wakubwa kama Stihl na Husqvarna wanaelekeza sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, endapo inatumika oili yao maalumu. Kwa dumu la lita 5 hiyo ni mililita 100, chini ya nusu ya chupa ndogo ya soda. Oili nyingine za mipigo miwili, na mashine nyingi za zamani, zinahitaji zaidi: kwa kiwango cha 25 kwa 1, lita 5 hizo hizo zinataka mililita 200.

Shambani kipimo ni kifuniko cha chupa, au jicho. Wengine humimina mpaka rangi ya petroli ibadilike, wakaona inatosha. Wapo wanaotia oili ya injini ya gari kwa kuwa ilibaki kwenye kopo, na wapo, ingawa hakuna anayekiri mbele ya tajiri, wanaotia oili chafu iliyomwagwa gereji. Oili ya gari haikutengenezwa ili iungue pamoja na petroli. Huacha masizi na majivu kwenye plagi, juu ya pistoni na kwenye tundu la ekzosi, na mashine huanza kuwa nzito kuwaka wiki hadi wiki. Oili ikipungua mno, madhara ni makubwa zaidi: pistoni hukwaruza silinda, ringi hupoteza kubana, na tangu hapo hakuna plagi wala kabureta itakayoirudisha asubuhi zake za zamani. Mililita 100 zilizobanwa zimekula injini nzima.

Upande wa petroli nako kuna mazoea mabaya. Mafuta yaliyokwisha kuchanganywa si kitu cha kuweka akiba. Yakikaa zaidi ya mwezi mmoja, hasa katika chupa ya plastiki inayopigwa na jua, sehemu nyepesi inayowasha injini ya baridi hutoweka na yanayobaki ni mazito na ya kunata. Dumu likiachwa wazi kidogo wakati wa mvua, maji huingia na kutulia chini, na mpira wa kunyonyea ulioko ndani ya tangi hukaa chini huko huko.

Halafu kuna uchakachuaji. Kwa miaka mingi petroli ya Tanzania ilichanganywa na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya kodi. Mwaka 2010 serikali ilianzisha utaratibu wa kuweka vinasaba kwenye mafuta, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa faida ya mchezo huo. Hatua hizo zilifanywa kwa ajili ya magari na mapato ya serikali, lakini mwenye chensoo naye alinufaika, kwani petroli yenye mafuta ya taa inawaka kwa shida kwenye injini ya baridi. Anayenunua petroli kwenye chupa kando ya njia amejiweka mwenyewe nje ya ulinzi huo. Ipo njia ya zamani ya kujihadhari: tone la petroli, kabla ya kutiwa oili, hudondoshwa kwenye karatasi nyeupe. Petroli safi hukauka bila kuacha doa. Ikiacha alama ya mafuta, ni heri kurudi kituoni.

Pua kabla ya bisibisi

Mafundi wa kweli wa mashine hizi wapo, Mafinga, Makambako, Njombe na hata Gerezani kwenyewe. Dalili ya fundi wa kweli ni kwamba haanzi na bisibisi. Huanza kwa kuuliza maswali, akanusa, kisha akatazama.

Atatazama swichi kwanza. Ni jambo la kuchekesha, lakini chensoo nyingi zimebebwa kilometa nyingi kwa bodaboda kwenda kwa fundi zikiwa zimezimwa tu. Kisha atafungua tangi na kunusa. Petroli iliyochacha ina harufu ya rangi ya ukutani na mtu aliyeizoea haikosei. Baada ya hapo atafungua plagi, na hapo ndipo penye jibu la nusu ya matatizo yote.

Plagi ikitoka imelowa petroli baada ya kuvuta kamba mara nyingi, maana yake mafuta yanafika lakini hayawaki. Plagi ikitoka kavu kabisa, mafuta hayafiki. Hayo ni magonjwa mawili tofauti yenye tiba tofauti, na bado utamkuta mtu ameagiza kabureta mpya kutoka Dar es Salaam wakati plagi yake imelowa chepechepe.

Plagi iliyolowa mara nyingi ni kosa la mvutaji. Chensoo ikiwa baridi hufungwa choki ili ipate mafuta mengi na hewa kidogo. Baada ya kuvuta mara chache itakohoa mara moja, kikohozi kifupi ambacho ni rahisi kukikosa katikati ya kelele za shamba. Wakati huo choki inatakiwa irudishwe nusu, kisha ivutwe tena. Opareta mwenye haraka hasikii kikohozi, anaendelea kuvuta choki ikiwa imefungwa, na kila mvuto unaongeza petroli katika silinda iliyokwisha kulewa. Tiba yake haina gharama yoyote. Plagi inafunguliwa na kukaushwa, swichi inazimwa, choki inafunguliwa, kamba inavutwa mara kadhaa ili petroli itoke kwenye tundu, kisha plagi inarudishwa. Wenye busara humpa mashine dakika 10 za kupumua, wakanywa chai.

Kama plagi imelowa lakini choki haikukosewa, basi linalofuata ni cheche. Plagi yenye masizi hupigwa brashi, na nafasi ya ncha zake hupimwa. Kwa mashine nyingi ni nusu milimita. Plagi mpya ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote na kila opareta angestahili kuwa na moja ya akiba mfukoni, imefungwa kwenye karatasi. Cheche ikikosekana hata kwa plagi mpya, ndipo itazamwe waya, swichi na koili. Koili ina tabia yake: huweza kufanya kazi asubuhi na kukataa ikishapata joto. Mashine inayowaka vizuri saa moja, ikakataa baada ya kupumzishwa saa nne, kisha ikawaka tena jioni, inamwelekeza fundi huko. Kupima cheche kusifanyike pale petroli ilipomwagika, hasa wakati wa kiangazi ambapo majani ya misindano yanawaka kama karatasi.

Plagi kavu inampeleka fundi njia nyingine. Ndani ya tangi, mwisho wa mpira, kuna filta ndogo ya mafuta ambayo huvutwa nje kwa waya uliokunjwa ncha. Ikiwa nyeusi na ngumu, imekwisha. Mpira wenyewe hupasuka kwa uzee, ukawa unanyonya hewa badala ya petroli. Tangi lina tundu dogo la kuingizia hewa; likiziba, mashine hufanya kazi dakika chache kisha hufa, na mfuniko ukifunguliwa husikika mlio wa kunyonya. Mwisho kabisa ndipo inafikiwa kabureta, na hata hapo mara nyingi kilichoharibika ni kiwambo chembamba cha raba kilichokakamaa, ambacho huuzwa katika paketi pamoja na gasketi zake kwa bei iliyo mbali chini ya bei ya kabureta nzima.

Chujio la hewa halihitaji maelezo marefu. Lijaapo vumbi la mbao na oili, injini inakabwa koo. Hupigwapigwa taratibu na kuoshwa kila jioni. Haichukui dakika 5.

Kubana kwa silinda nako kunapimika bila vifaa. Swichi ikiwa imezimwa, mashine hushikwa kwa mkono wa kamba na kuachwa ining'inie. Yenye afya hushuka polepole kwa kukatakata. Inayoteremka moja kwa moja kama ndoo kisimani imekwisha ringi au silinda. Ekzosi ikifunguliwa, mikwaruzo kwenye pistoni inaonekana kwa macho. Mashine ya namna hiyo ndiyo peke yake inayostahili mazungumzo ya fedha nyingi.

Ilijaribiwa dukani

Jambo jingine linalowaumiza wanunuzi ni mwinuko wa nchi. Chensoo inanunuliwa Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari, katika joto. Muuzaji anaivuta mbele ya kaunta, inanguruma, mteja anaridhika na kulipa. Siku mbili baadaye iko Mafinga, karibu meta 1,900 juu ya bahari, mwezi wa sita, asubuhi ya baridi kali. Hewa ya huko ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko ya pwani. Kabureta iliyorekebishwa pwani inaendelea kutoa petroli ile ile kwa hewa iliyopungua, mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inalowa, na mnunuzi anaamini ameuziwa mashine feki.

Wakati mwingine ni feki kweli. Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa katikati ya miaka ya 1980, vipuri vimeacha kuwa vya kutafuta kwa foleni, na hilo ni jema. Lakini pamoja na neema hiyo zimekuja plagi, kabureta na mashine nzima zenye nembo za kuiga, na Tume ya Ushindani ina kazi kubwa ya kuzisaka chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa. Hata hivyo si haki kila mashine iliyogoma ihesabiwe feki. Mashine halisi iliyorekebishwa kwa hewa ya Kariakoo inaweza kugoma Njombe bila kosa la mtengenezaji.

Suluhisho ni kuirekebisha pale itakapofanyia kazi, kwa mkono wa mtu anayejua skrubu ipi ni ya mzunguko wa chini na ipi ni ya mzunguko wa juu. Skrubu ya juu ikibanwa kupita kiasi, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inapiga kelele tamu ya nguvu kwa siku chache, kisha pistoni inaungua. Baadhi ya mashine mpya hujirekebisha zenyewe na hazina skrubu hizo. Mwenye mashine ya aina hiyo asimruhusu mtu yeyote kuzitafuta.

Maduka ya vipuri nayo yana sehemu yake ya lawama. Mteja akisimama kaunta na kusema "chensoo haiwaki", jibu la haraka na lenye faida ni kabureta. Swali la "plagi imelowa au ni kavu?" haliuzi kitu. Lakini wateja wamelitengeneza soko hilo wenyewe. Fundi akisafisha chujio, akabadili filta ya tangi na kumrudishia mteja mashine inayowaka, mteja analalamika kutozwa fedha kwa kazi ya "kupuliza tu". Fundi huyo huyo akifunga kabureta isiyohitajika, analipwa bila ubishi kwa sababu kuna kitu kipya kinachong'aa. Wakati ujao fundi atakuwa amejifunza. Kama wenye mashine wangekubali kulipia uchunguzi kama wanavyolipia kipimo hospitali, na kudai warudishiwe kila kipuri kilichotolewa, mauzo ya kabureta yangeshuka na kazi ya mafundi ingepanda thamani.

Inafaa pia kusemwa kwamba mashine inayokataa kuwaka huvunja watu. Opareta akishakasirika, huishika kwa mkono mmoja na kuitupa chini huku akivuta kamba kwa mwingine, mnyororo ukiwa karibu na goti. Njia ya salama ni kuilaza chini, breki ya mnyororo ikiwa imefungwa, ncha ya kiatu cha kulia imeingizwa kwenye mpini wa nyuma, mkono wa kushoto umekandamiza mpini wa mbele. Wengine humimina petroli tupu kwenye tundu la plagi ili iwake kwa nguvu. Petroli hiyo haina oili, inaosha ule utando mdogo unaoilinda silinda, na mashine inawaka siku hiyo kwa gharama ya miezi yake ya mbele.

Mkataba kama wa bodaboda

Matajiri wakiulizwa kwa nini hawamkabidhi opareta mafuta, oili na fedha ya plagi, jibu lao ni moja: ataiba. Si jibu la kupuuzwa. Petroli inauzika kirahisi kijijini, na mwenye mali aliyeko Iringa mjini hana njia ya kujua lita ngapi zimeingia kwenye mashine na ngapi kwenye pikipiki ya shemeji. Lakini wizi huo unapimika. Baada ya wiki mbili za kuandika, tajiri anajua tangi moja linaangusha miti mingapi ya unene fulani, na tofauti kubwa itaonekana. Saa zinazopotea asubuhi hazimo katika daftari lolote.

Biashara ya bodaboda ilikumbana na tatizo hili hili na ikapata dawa yake. Pikipiki ya hesabu ya kila siku huendeshwa kikatili, kwa kuwa dereva hana chake ndani yake. Pikipiki ya mkataba, ambayo dereva akimaliza malipo inakuwa yake, huoshwa kila jioni na kubadilishwa oili kwa wakati. Dereva anaweza kuwa yule yule. Kilichobadilika ni mwenye mali.

Hakuna sababu ya msingi ya kuzuia chensoo kuendeshwa kwa mkataba. Tajiri atasema mashine hizi hazidumu kama pikipiki, kwamba kabla malipo hayajaisha kitakachobaki ni chuma chakavu. Hofu hiyo ina msingi kwa jinsi zinavyotunzwa leo, na ndiyo maana mkataba uwe mfupi, wa msimu mmoja au miwili ya kuvuna, na malipo yakatwe kwenye idadi ya mbao. Anayeona hilo ni kubwa mno anaweza kuanza na dogo: mtu mmoja tu achanganye mafuta, kwa chupa yenye alama za mililita, aandike tarehe kwenye dumu kwa kalamu ya wino mzito, na mashine ikisimama kwa sababu ya mafuta, yeye ndiye akatwe. Ikisimama kwa sababu ya chujio chafu, akatwe opareta. Katika wiki ya kwanza zitatokea kelele nyingi. Ya pili, kila mmoja atakuwa anamchungulia mwenzake.

Nao wauzaji wa mashine wangeweza kusaidia bila kupata hasara. Chupa ya kupimia ni kitu cha plastiki cha bei ndogo. Ikitolewa bure pamoja na kila chensoo, ikiwa na maelezo ya Kiswahili yanayosema mililita 100 au 200 kwa lita 5 kulingana na oili, malalamiko ya "mliniuzia mbovu" yatapungua. Kijitabu kinachokuja ndani ya boksi mara nyingi hutupwa kabla ya boksi lenyewe, kwani kimeandikwa kwa lugha nyingi ambazo opareta hasomi hata moja.

Wenye nguvu zaidi katika jambo hili, hata hivyo, ni wenye maghala wa Dar es Salaam. Wengi wao hutanguliza fedha kwa wavunaji kabla mti haujaanguka, na kabla ya kutoa fedha hizo hukagua kwa makini. Wanataka kuona kibali. Wanapanda basi mpaka Mafinga kuitazama miti, wanaihesabu, wanapima unene, wanauliza umbali wa barabara na uwezo wa dingidongi. Kisha wanapeana mikono na kurudi Buguruni kusubiri. Pale shambani, kando ya kibanda, chini ya mti, limekaa dumu la njano lisilo na tarehe, mfuniko wake umepotea na badala yake pamezibwa kwa gunzi la hindi, na hakuna hata mmoja aliyeinama kulinusa.